Fuso Iliyopita Mbele ya Karakana

Fuso ilisimama kwenye tuta, mbele kabisa ya karakana ya fundi seremala jirani yangu, kama saa mbili asubuhi. Dereva alishuka kukaza kamba. Nyuma mzigo ulikuwa umepanda hadi juu ya bodi: viti na meza za wanafunzi, miguu juu, chuma cha kijivu, mbao zinang'aa vanishi mpya. Ni viti na meza, lakini hapa kwetu vyote tunaviita madawati. Yalikuwa yanakwenda sekondari iliyo mbele kidogo, haizidi kilomita tatu.

Fundi alikuwa mlangoni, penseli sikioni, kikombe cha chai ya rangi mkononi. Akautazama mzigo kwa muda, halafu akasema kwa sauti ya mtu anayesoma kichwa cha habari cha gazeti la jana:

"Yametoka Dar."

Hapa ni Mafinga, mkoani Iringa, jamani. Shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali, liko mlangoni kwetu. Kila usiku malori ya mbao yanatoka hapa kushuka Dar. Inawezekana kabisa ubao ule ulikatwa kwetu, ukasafiri zaidi ya kilomita 500, ukapigwa misumari huko, ukarudi ukiwa dawati na kupita mbele ya mtu ambaye kazi yake ni kutengeneza madawati.

Dereva akamaliza kamba zake, akatuambia "haya wazee", akaondoka. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, lakini hilo tuliache.

Wiki tano sasa, ile Fuso haijanitoka kichwani.

Kuna mtu wake

Nikiri kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa lile lile la kila Mtanzania: kuna mtu wake pale. Mkurugenzi ana shemeji, shemeji ana kampuni, kampuni ina Fuso. Sikuwa na ushahidi wowote na wala sikuuhitaji. Sheria inasema "ununuzi wa umma", mtaani tunasema "manunuzi", na ukilitamka hilo neno kwenye kijiwe cha kahawa, mtu atacheka kabla hujamaliza sentensi.

Na si kwamba tunawasingizia. Tulinunua rada ya pauni milioni 28 kutoka BAE Systems ya Uingereza, nchi isiyo na vitanda vya kutosha vya wazazi ikanunua rada. Kesi ikaenda ikarudi hadi mwaka 2010, mahakamani London, kampuni ikakubali makosa ya utunzaji wa hesabu. Ikalipa pauni milioni 29.5 kwa ajili ya wananchi wa Tanzania. Mnakumbuka tulivyoziita fedha zile?

Chenji ya rada.

Na chenji ya rada ilinunua nini? Vitabu na madawati ya shule za msingi. Kuna vijana leo wana ndevu, walijifunza kusoma wakiwa wamekalia manunuzi yaliyoharibika.

Halafu ukaja mwaka 2016. Elimu bila malipo imeanza Januari, watoto wamefurika, Rais Magufuli akawapa wakuu wa mikoa na wilaya hadi mwisho wa Juni kumaliza tatizo la madawati. Bunge likatoa shilingi bilioni 6 ilizobana kwenye matumizi yake, kazi ile wakapewa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na Magereza. Huku mitaani nako michango ilipita nyumba kwa nyumba na kila aliyekuwa na msumeno alipata kazi. Fundi wangu anaikumbuka miezi ile kama mtu anavyokumbuka harusi yake. Wafanyabiashara na wazazi waliokuwa wanachangia walikuwa wanakuja na fedha mkononi, wanahesabu, wanaondoka.

Ashikilie hapo hapo msomaji, kwenye "fedha mkononi". Mimi mwenyewe ilinichukua muda mrefu kuona kwamba hapo ndipo penye jambo.

"Sikuomba"

Jioni ile ile nilikwenda karakana, hasira yangu nimeibeba kama kikapu.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, mama. Karibu, angalia msumari hapo."

Alikuwa anapiga msasa ubavu wa kitanda. Nikamwuliza kwa nini hawakumpa yeye ile kazi. Nikaongeza na mawili matatu kuhusu shemeji wa mkurugenzi, ambaye hata sijui kama yupo.

Fundi hakuinua kichwa. "Nani kakwambia walininyima?"

Nikanyamaza.

"Ile zabuni niliiona. Kijana wangu alinifungulia kwenye simu, kwenye NeST, ule mfumo wa Serikali wa zabuni za mtandaoni. Meza 160, viti 160. Sikuomba."

Nilihisi kama mtu aliyefika msibani na kukuta marehemu anakunywa chai.

Akaweka msasa chini, akanipeleka pembeni ya karakana. Pale kuna jukwaa dogo la saruji, na kwenye saruji zimechomoza bolti nne zenye kutu. Juu yake ameweka beseni la gundi. Nimeingia karakana ile mara ngapi sijui, na sikuwahi kujiuliza bolti zile zinashikilia nini.

Zilikuwa zinashikilia mashine ya randa.

Miaka michache nyuma alishinda kazi ya madawati 80 kwa shule moja ya wilaya nyingine. Akakopa mbao, akakopa chuma, akalipa vijana wanne kwa wiki tano. Akapeleka mzigo siku aliyoahidi. Kamati ya mapokezi ikahesabu, ikakagua, ikasaini, mkuu wa shule akampa mkono. Akalipwa baada ya miezi kumi na moja. Mashine aliiuza mwezi wa sita wa kusubiri, kwa bei ambayo hakutaka kuitaja mbele ya vijana wake.

"Hawakunidhulumu," akasema. "Hela yote niliipata, mpaka shilingi ya mwisho. Ila ilinikuta nimeshakuwa fundi mwingine."

Kisha akasema neno ambalo ndilo limenifanya niandike makala hii:

"Wale wa Dar wanaweza kusubiri mwaka. Mimi siwezi kusubiri Jumamosi."

Jumamosi ndiyo siku anayolipa vijana.

Rimu 400

Nilirudi nyumbani nikiwa nimenyooka kidogo, kwa sababu fundi alikuwa amenisimulia habari yangu mwenyewe bila kujua.

Wanaosoma blogu hii siku nyingi wanajua nina duka la vifaa vya shule na ofisi. Sijawahi kuandika habari ya zile rimu 400. Aibu ya biashara ni kama aibu ya ndoa, unaitunza ndani.

Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilinipa LPO, yaani hati ya kuagiza mali, ya rimu 400 za karatasi za A4. Kwa bei ya wakati ule nilinunua kwa 10,500, nikauza kwa 12,000. Faida ya shilingi 1,500 kwa kila rimu, jumla 600,000. Niliipiga picha ile LPO nikaiweka kwenye stetasi ya WhatsApp, na maua.

Mtaji wangu haukutosha. Benki wana mkopo wa LPO, ni kweli, lakini walitaka hati ya nyumba, na mimi nimepanga. Nikachukua milioni mbili kwa mama mmoja wa mikopo ile tunayoiita kausha damu. Riba asilimia 10 kwa mwezi. Nilijiambia mwezi mmoja, ikizidi sana miwili.

Piga hesabu na mimi. Kila mwezi 200,000. Mwezi wa kwanza bado nacheka. Mwezi wa tatu faida yote imeisha, nimefanya kazi bure. Mwezi wa nne nimeanza kula mtaji. Nililipwa mwezi wa saba.

Kwa hiyo nilitoa laki nane zangu mfukoni ili ofisi ya Serikali iwe na karatasi za kuchapia. Juu ya hapo, kwenye malipo yenyewe wakakata asilimia 2 ya kodi ya zuio, ambayo ni halali na unaihesabia kwenye kodi yako ya mwaka, lakini siku ile sikuwa na moyo wa kuambiwa habari za mwaka.

Kwenye miezi ile nilizoeana na mhasibu wao hadi tukaanza kuulizana watoto. Kijana mwenye adabu. Kila nikienda ananionyesha faili: ankara ipo, hati ya mapokezi ipo, kila kitu kimesainiwa. "Serikali haidhulumu, mama," ananiambia. "Inachelewa tu. Fungu halijashuka."

Sikumchukia, na siwezi hata sasa. Hakukuwa na mtu wa kumchukia mle ndani, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Ningempata mla rushwa ningelala vizuri.

Sasa sikilizeni ujinga wangu wa pili, au ujanja, mtaamua wenyewe. Mwaka uliofuata ofisi hiyo hiyo ilitaka nukuu za bei za rimu. Nikaandika 15,000. Nilijua ni ghali, nilijua mteja wa dukani ningemuuzia elfu kumi na mbili na mia tano na bado angelalamika. Hiyo tofauti ilikuwa ni bei ya kusubiri.

Nikashinda.

Maana wenzangu nao walikuwa wameweka bei ya kusubiri, na ya kwao ilikuwa kubwa kuliko yangu.

Asilimia thelathini

Nimekuwa nikiisoma Sheria ya Ununuzi wa Umma usiku, jambo ambalo mume wangu ameanza kulitania. Ile mpya, ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024. Si sheria mbaya. Inaitaka kila taasisi ya umma itenge asilimia 30 ya manunuzi yake kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kenya wana thelathini yao pia, wanaiita AGPO, tangu 2013. Mfumo wa NeST nao umeondoa ile kazi ya kusafiri na bahasha za lakiri hadi makao makuu ya mkoa. Fundi anaona zabuni akiwa amekaa kwenye gogo lake. Miaka kumi iliyopita hata taarifa kwamba kuna zabuni ilikuwa mali ya watu wachache.

Yaani mlango umefunguliwa kweli. Nasema hivi kwa sababu wapo watakaonisoma wadhani naponda.

Fundi ana miaka 63, kwa hiyo sheria inamtambua kama mzee kabla yeye mwenyewe hajakubali. Angeweza kuingia kwenye kikundi na wenzake, wakasajiliwa kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, wakaomba kazi zilizotengwa, wakashindana na wenzao tu bila ya kampuni ya Fuso.

Na wangeshinda, halafu wangengoja.

Hapo ndipo nilipokwama wiki mbili nzima. Asilimia 30 ni ya kupewa kazi. Mwanamke mwenye cherehani tatu aliyeshinda kushona mashuka ya kituo cha afya anapanga foleni moja ya malipo na mkandarasi mwenye magreda. Fungu likichelewa linawachelewea wote sawa, lakini mmoja ana akaunti nne na mwingine ana mtoto anayerudishwa kutoka shule. Anayeweza kungoja anabaki kwenye mchezo. Baada ya miaka michache ukitazama waliobaki, utadhani walichaguliwa kwa hila, kumbe walichaguliwa na kalenda.

Kila mwaka ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, ikitoka, tunakimbilia kurasa za wizi. Na mimi vilevile. Madeni ya wazabuni na watoa huduma nayo huwa yamo, yameandikwa kwa lugha ya baridi kabisa, na hakuna anayeyatengenezea katuni.

Brazil walilifikiria jambo hili kwa upande wa chakula. Sheria yao ya mwaka 2009 iliagiza kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za chakula cha shule zinazotoka serikali kuu zinunue kwa wakulima wadogo wa kifamilia, na iliruhusu shule kununua bila mlolongo wa kawaida wa zabuni. Uji wa mtoto ukawa soko la jirani yake. Nililipenda wazo hilo kiasi cha kutaka kulihubiri, kisha nikajiuliza swali la fundi: wanalipwa lini? Tangu hapo sisomi habari yoyote ya maendeleo bila swali hilo kunivuta sikio.

Mkuu wa shule ana lake

Nilikwenda hadi ile sekondari. Nilitaka kuyaona yale madawati kwa macho yangu na, nikubali, nilitamani yawe mabovu. Makala hii ingeandikika kirahisi.

Si mabovu. Nilikaa kwenye kimoja, nikatikisa, hakikulia. Nikapitisha mkono chini ya meza kutafuta ncha ya msumari, hakuna. Yote 160 yana kimo kimoja. Mkuu wa shule alinitazama nikikagua kama mama mkwe, akaniacha nimalize.

"Mimi natakiwa mwanafunzi akae," akaniambia. "Kidato cha kwanza wanaingia Januari. Mafundi wa hapa nawapenda, wawili nimewafundisha mwenyewe. Lakini nikimpa mmoja kazi, mbao zikamwishia njiani, mzazi hamfuati fundi. Ananifuata mimi."

Sikuwa na jibu. Kuna dada wa miaka kumi na minne ambaye anakaa chini akiandika huku daftari liko gotini, na ukimwambia ngoja kwanza tukuze uchumi wa maseremala wa Mafinga, atakushangaa. Kazi ya kwanza ya dawati ni kukaliwa.

Ila naye mkuu wa shule, tukitoka darasani, aliniongezea la kwake bila kuulizwa. Mwishoni mwa mwaka 2021 alikuwa shule nyingine, ya kijijini, na akajengewa madarasa yale ya fedha za UVIKO, yaani za kukabiliana na korona.

Fedha iliyotangulia

Mnayakumbuka. Mkopo wa IMF, shilingi trilioni 1.3, na ndani yake madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari, 3,000 ya vituo shikizi, vile vishule vidogo vilivyo chini ya shule mama. Shilingi milioni 20 kwa darasa. Hakukuwa na mkandarasi. Ilikuwa fosi akaunti, yaani fedha inaingia akaunti ya shule, kamati zinaundwa, mnanunua wenyewe na mnatafuta fundi wenyewe.

Alinisimulia mateso yake kwanza. Mwalimu wa jiografia kugeuzwa ofisa manunuzi kwa mwezi mzima. Kuamka usiku kuwahi saruji. Bei ya nondo aliyoiandika Jumatatu haipo Alhamisi. Kugombana na mwenye mchanga. Mwanachama mmoja wa kamati ya mapokezi hakujua kusoma hati aliyokuwa anasaini, na alikuwa mkweli kuliko wote. Kazi yenyewe haikuwa nzuri kila mahali, mimi nimeona darasa la umri mdogo kuliko mwanangu wa mwisho na sakafu imeshabomoka.

"Lakini," akasema, akasimama kabisa katikati ya uwanja, "kila Jumamosi nililipa."

Jumamosi!

Fedha ilikuwa imetangulia kazi. Fundi mwashi alilipwa, kijana wa kubeba maji alilipwa, mama aliyekuwa anapika ugali na maharage chini ya mwembe akalipwa na mafundi waliolipwa. Duka la kijijini likaongeza rafu. Mwezi mmoja na nusu kijiji kilikuwa na mshahara. Alisema kuna bajaji mbili pale hadi leo ambazo watu wanaziita UVIKO.

Nimejaribu kutafuta kasoro kwenye hilo kwa sababu sipendi kuamini upesi. Zipo. Ule ulikuwa mkopo, na mikopo hulipwa. Ile ilikuwa dharura, na huwezi kuendesha nchi kwa dharura. Kulipa kabla ya kazi kumewahi kuwafanya watu wahame mji usiku. Na walimu wafundishe, wasinunue nondo. Yote nakubali. Bado ile Jumamosi inabaki pale pale, na sijui mtu wa mipango anaiweka kwenye safu gani ya jedwali lake.

Juzi

Juzi kijana wa fundi alikuja dukani kuchapisha kitu. Akanionyesha simu: zabuni mpya kwenye NeST, madawati 90, taasisi ya wilaya hii hii, makundi maalumu tu. Nikafunga duka kabla ya muda, tukaenda naye karakana. Nilikuwa nimeshapanga hotuba. Kwamba ajiunge na wenzake watano. Kwamba mimi nitawasaidia kujaza, nimeshajua pa kubonyeza. Kwamba tukianza leo tunawahi.

Fundi aliweka miwani, akasoma polepole, akiisogeza skrini kwa kidole kilichojaa gundi. Akafika mwisho, akarudi juu, akasoma tena.

"Hii bajeti imepitishwa," akauliza, "au imefika?"

Nikaitafuta. Mwaka wa fedha umeandikwa, chanzo cha fedha kimeandikwa, namba ya zabuni, tarehe ya kufunga, saa na dakika. Nikabonyeza kila palipobonyezeka.

Fundi alinisubiri kwa heshima. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akamwambia kijana amshikie ubao upande wa pili, maana mwenye kitanda alikuwa amesema atapitia saa kumi na moja na hela yake.